Mpiga Kinanda wa Bendi ya Lweru

Petronila Kokushubira hakupenda kuulizwa habari za Lweru Internationals, kwa sababu kila aliyeuliza alikuwa ameshajijibu. Walichotaka ni yeye akubali tu. Aseme ndiyo, bendi yetu ndiyo iliyoleta ugonjwa. Ndiyo, tulikuwa wahuni. Ndiyo, Mungu alituona. Yeye aliwakazia macho mpaka wakahamia kwenye bei ya kahawa. Nilifundisha naye shule moja Kamachumu, na ilinichukua miaka kujua kwamba ukimya ule haukuwa aibu hata kidogo. Ilikuwa hasira, na alikuwa na haki nayo.

Naandika haya kwa sababu nami niliucheza muziki wao, na baadaye nami nilipita mbali na mlango wake.

Alizaliwa hapahapa Kamachumu, binti wa katekista. Kinanda cha parokia kilikuwa cha kukanyaga kwa miguu, na sista aliyemfundisha alimchapa vidole kwa rula kila alipoongeza sauti ambayo haikuandikwa kitabuni. Petronila aliendelea kuongeza. Alipomaliza chuo cha ualimu, mwaka 1973, alipangiwa shule ya Bukoba mjini, akapata chumba na mshahara wake mwenyewe. Kwa binti wa nyumbani kwetu wakati ule, hilo tu lilitosha kumfanya asemwe.

Bukoba kulikuwa na duka la Gangaben, mjane wa Kihindi aliyeuza vitambaa, redio na santuri. Jengo lilikuwa la mumewe mpaka serikali ilipolitaifisha. Sasa mama yule alikuwa mpangaji katika nyumba iliyojengwa na mume wake. Mwanawe Mahendra alikaa chumba cha nyuma na gitaa la besi, akipiga mdundo mmoja huohuo asubuhi hadi wateja wanalalamika. Petronila aliingia siku moja kununua sindano ya gramafoni, akakiona kinanda cha umeme kimewekwa pembeni, kimefunikwa kanga. Hakuna mtu mjini aliyekuwa na haja nacho. Akaomba kukigusa.

Mahendra alitoka nyuma, akamsikiliza kidogo.

"Mwalimu, unapiga kama mtu anayeomba ruhusa."

"Nimefundishwa kanisani."

"Kanisani ni sawa. Hapa usiombe. Kata. Piga, acha. Piga, acha. Ule ukimya wa katikati ndio watu wanaoucheza."

"Mahendra, mwache mwalimu achukue sindano yake aende," Gangaben alisema kutoka kwenye kaunta.

Petronila hakwenda. Alikaa pale hadi duka likafungwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alipiga kinanda bila mtu kumchapa vidole. Aliniambia kwamba jioni ile aligundua ana ghadhabu nyingi kuliko alivyojua, na kwamba zote zilikuwa na mahali pa kukaa katika fanki, ule muziki wa Kimarekani aliokuwa akiupiga Mahendra.

Bendi ilikusanyika kwa namna hiyo, mmoja mmoja. Mpiga dramu alikuwa Bashiri, kijana wa Masaka, Uganda, aliyevuka mpaka wa Mutukula na begi moja baada ya askari wa Amin kumchukua kaka yake kazini. Mwimbaji alikuwa Datius wa Izimbya, karani wa chama cha kahawa, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuwatoa watu kwenye viti. Wapuliza tarumbeta walikuwa wawili: Safari, aliyetoka Bukavu, na Melchior, Mrundi aliyekimbia mauaji ya kwao mwaka sabini na mbili. Mahendra akahesabu nchi zilizokuwa chumbani, akacheka, akasema jina la bendi limeshapatikana. Lweru ndilo jina letu la ziwa. Internationals walikuwa wao wenyewe.

Sijui nikueleze vipi walivyokuwa. Vijana wa leo wanadhani miaka ile tulikuwa tunakula ndizi na kusali tu. Sisi tulivaa suruali za bugaluu zenye miguu mipana na viatu vya raizoni vya soli nene, tukapanda lori kutoka Kamachumu hadi Bukoba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na ukumbi ulikuwa unatetemeka. Besi ya Mahendra ilikugonga tumboni. Bashiri aliweka pigo la kwanza zito kama mchi, kisha akakuacha unasubiri. Na katikati yao alikuwa yule mwalimu mwembamba, macho makavu, akikata kinanda kama anakatakata kisamvu. Mzee mmoja wa idara ya utamaduni alikuja kuwaambia kwamba muziki ule si wa taifa. Datius akamwimbia wimbo wa Kihaya wa mavuno kwa mdundo uleule wa fanki, na mzee akaondoka bila kujua akatae nini.

Walipiga Mwanza, Kisumu, Kigali, na Bujumbura, ambako walikwenda bila Melchior. Mwaka sabini na sita walikwenda Nairobi, wakarekodi santuri moja yenye nyimbo mbili, na upande wa pili ulikuwa wa Petronila, bila maneno, kinanda na dramu vikijibizana. Mwaka uliofuata mpaka wa Kenya ukafungwa, na mwaka huohuo Petronila akaolewa na Datius. Baba mkwe akawapa sehemu ya kibanja chake Izimbya, migomba na kahawa, jirani kabisa na kibanja cha kaka yake Datius, aliyeitwa Rugambwa.

Huyu Rugambwa lazima nimweleze, maana kila kitu kinapita kwake. Hakuwa jambazi. Alikuwa mtu wa kuheshimika, kiongozi wa mgambo wa kijiji, wa kwanza kufika kwenye msiba na wa mwisho kuondoka. Bashiri alipokwenda Izimbya na bendi alilala kwake, akala kwake, akawafundisha watoto wake kupiga midundo kwenye debe. Rugambwa alimwita "mdogo wangu wa Masaka".

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera. Ndege zikaangusha mabomu karibu na mji wa Bukoba, na barabara ikajaa watu waliobeba magodoro na kuku. Mahendra alimpeleka mama yake Mwanza. Safari na Melchior wakaelekea Muleba. Petronila na Datius walikimbilia Izimbya, na Bashiri akaenda nao, kwa sababu hakuwa na kwao pengine upande huu wa mpaka.

Alikaa siku tisa. Siku ya kumi mtu akasema amemsikia yule Mganda akisikiliza redio ya Kampala. Alikuwa anaisikiliza kweli. Kila mtu aliyekuwa na redio aliisikiliza, ili ajue vita imefika wapi. Mgambo watatu wakaja saa nne asubuhi, Rugambwa mbele yao amevaa koti la mvua.

Petronila alikuwa anamenya ndizi. Akasimama na kisu mkononi.

"Shemeji, huyu ni Bashiri. Alikimbia haohao unaowatafuta. Amelala kwako."

"Vita haina shemeji," Rugambwa alisema. "Tunampeleka Bukoba kwa wanajeshi wakamhoji. Akiwa safi atarudi."

"Nitakwenda naye."

"Mwanamke, kaa chini."

Bashiri mwenyewe ndiye aliyemtuliza. Alisema, "Mwalimu, acha. Nitarudi kesho." Akavaa raizoni zake, viatu pekee alivyokuwa navyo, akaondoka nao katikati ya migomba akiwa mrefu kupita wote.

Datius alikuwa amesimama mlangoni.

Bashiri hakurudi kesho wala keshokutwa. Petronila alitembea kwa miguu hadi Bukoba, karibu siku nzima, katika barabara ambayo watu wote walikuwa wanaikimbia. Askari aliyemkuta kambini alimsikiliza vizuri, akatazama daftari lake, akasema hakuna Mganda aliyeletwa kutoka Izimbya. Petronila akarudi, akamwuliza Rugambwa. Rugambwa akasema kijana alitoroka njiani, na kwamba kutoroka kwenyewe ni ushahidi.

Usiku huo mume na mke waligombana kwa mara ya kwanza tangu waoane.

"Mwulize," Petronila alisema. "Wewe ni ndugu yake. Mwulize mtu amekwenda wapi."

"Petronila, ni kaka yangu."

"Na Bashiri alikuwa nani wako?"

Datius akalala akiangalia ukuta. Petronila aliniambia alikaa na mtu huyu miaka minane zaidi, akampenda, akampikia, akamwuguza, na hakuna siku hata moja aliyosahau jinsi alivyosimama mlangoni.

Vita ikaisha. Watu wanasahau kwamba baada ya vita kulikuwa na furaha chafu, ya kutisha kidogo. Madukani hapakuwa na sabuni wala sukari, lakini magendo yalikuwa yanatoka Uganda kila siku, na waliokuwa na fedha walikuwa nazo nyingi za kutupa. Mahendra alirudi na mama yake, akafungua duka, akasema bendi irudi. Petronila alikataa miezi mitatu. Kisha akakubali, kwa sharti kwamba kila wanapoanza Mahendra ataje jina la Bashiri kwenye kipaza sauti. Lilitajwa mara chache. Watu hawakulipenda, walikuwa wamekuja kucheza.

Mpiga dramu mpya alikuwa Magesa, mvuvi aliyehamia kisiwa cha Bumbire, mwenye mikono kama makasia. Yeye ndiye aliyewapeleka visiwani. Walivuka na jenereta ndani ya mtumbwi, wakapiga disko kwa wavuvi na wauza dagaa waliokuwa na fedha mfukoni na hawana pa kwenda. Muziki ulikuwa umebadilika. Besi ilikwenda moja kwa moja, bila kusubiri, na kila mtu aliweza kuicheza. Wakati huo pia Mahendra aliwanunulia wote mashati ya mtindo mpya uliotoka Uganda, kitambaa laini chenye maua, ambacho sokoni kiliitwa Juliana. Walipendeza sana. Ningependa kukumbuka mashati yale bila kukumbuka yaliyofuata.

Mwaka themanini na nne Safari alianza kukonda. Akaharisha, akatoka vidonda mdomoni, akashindwa kupuliza tarumbeta. Alikufa Muleba katika chumba cha kupanga, miezi mitano baadaye. Wakati huo vijana wa magendo walikuwa wanakufa hivyohivyo mpakani, na watu wakaupa ugonjwa jina la shati lao: Juliana. Unaweza kufikiri lilikuwa jina la utani tu. Kwa Petronila lilikuwa hukumu. Watu wote walikuwa wamemwona jukwaani amelivaa.

Akafuata Melchior. Mtu akapanga hesabu yake, akasema: bendi imekwenda Uganda (haikuwahi kwenda), imekwenda visiwani, ina Mzaire, ina Mrundi, ilikuwa na Mganda. Ugonjwa umetoka wapi tena? Wazazi walianza kuwahamisha watoto kutoka darasa la Petronila. Mwalimu mkuu alimwita akamwambia apumzike kidogo, kwa ajili ya amani.

"Amani ya nani?" Petronila aliuliza.

Akahamishiwa huku kwetu Kamachumu, na sisi tukampa darasa la mwisho kabisa karibu na vyoo, na kikombe chake cha chai tukakiweka peke yake. Mimi ndiye niliyekiweka. Nalisema hili kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema.

Mwaka themanini na tano Gangaben aliamua kuhama. Shemeji yake alikuwa Uingereza na karatasi zilikuwa tayari. Jumamosi moja Mahendra aliendesha gari hadi Izimbya kuaga, na kinanda kikiwa kiti cha nyuma.

"Nimekuletea. Ni chako tangu siku ile ya sindano."

Petronila hakukipokea mara moja. "Tulipoanza bendi uliniambia Wahindi wa Uganda wamefukuzwa, lakini wewe huendi popote, wewe ni wa Bukoba."

"Mama yangu anazeeka, Petronila."

"Wa kwetu wanakufa bila kuzeeka. Wewe una mahali pa kwenda, basi nenda. Usinieleze."

Mahendra alilia. Gangaben, aliyekuwa amebaki garini, alishuka na miguu yake mibovu, akamkumbatia Petronila, akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, "Mwanangu, kasirika na mimi. Huyu nimemlazimisha." Petronila alimheshimu kwa hilo mpaka mwisho. Barua za Mahendra kutoka Uingereza alizisoma zote. Alijibu moja.

Datius aliugua mwaka uliofuata. Petronila alikuwa anatoka Kamachumu kila Ijumaa kumfuata Izimbya, akamwogesha, akambadilisha shuka, akamlisha uji kwa kijiko. Mara nyingi Datius alitaka kumwambia kitu, akaanza, akaacha. Alikufa Machi 1987.

Kwenye mazishi Rugambwa ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo. Nilikuwepo. Alisimama karibu na kaburi la mdogo wake, akasema mdogo wake alikuwa kijana mzuri hadi alipochukuliwa na disko. Kwamba muziki ule ulikuwa wa kigeni, wapigaji wake wageni, na mwanamke aliyepanda jukwaani usiku hawezi kuwa mama wa nyumba. Akasema kwa mila mjane asiye na mtoto wa kiume hana kibanja, na huyu hata wa kike hakuzaa. Apewe siku tatu aondoke. Kisha vijana wakatoa ndani kinanda, gitaa la Datius, na yale mashati, wakavimwagia mafuta ya taa, wakavichoma mbele ya wafiwa.

Plastiki ya kinanda ilinuka vibaya sana. Baadhi yetu tulipiga makofi. Petronila alikuwa amekaa chini, shuka nyeusi kichwani, hakulia wala kusema. Tulisema, mnaona, ameona aibu. Baadaye aliniambia: "Nilikuwa natafuta neno la kutosha. Sikulipata, nikaona nisiseme dogo."

Akarudi Kamachumu kwa baba yake. Watu wakakaa wakimsubiri afe. Mwaka ukapita, miwili, mitatu. Magesa akafa kisiwani, jirani zetu wakafa, walimu watatu wa shule yetu wakafa, na yeye aliendelea kunenepa. Alipima hospitali mara mbili, akaambiwa hana ugonjwa. Kuna waliokasirika kusikia hivyo, kana kwamba amewaibia zamu.

Mwaka 1991 ofisi fulani iliandaa mkutano wa kampeni ya UKIMWI uwanjani Muleba. Afisa mmoja kijana, mwenye miwani, alikuja shuleni na karatasi.

"Mama, wewe ndiye uliyebaki katika ile bendi. Ukiimba wewe watu watasikia. Tumeshaandaa maneno."

Petronila alisoma karatasi. Wimbo ulisema disko ni mauti, wachezaji wamevuna walichopanda. Nilidhani ataichana. Aliikunja vizuri.

"Kutakuwa na kipaza sauti?"

"Kikubwa, mama. Na kinanda tumekiazima kanisani."

"Nitakuja."

Uwanja ulijaa siku ile. Mabasi ya Biharamulo yalisimama barabarani abiria wakachungulia. Petronila alipanda jukwaani na gauni lake la kazini. Alipiga ule wimbo wa upande wa pili wa santuri, kinanda peke yake, akiacha nafasi tupu kila mahali dramu ilipotakiwa kujibu. Watu wa rika langu waliutambua. Nikaona mwanamke mmoja anayefikia miaka hamsini akianza kutikisa bega bila kujua.

Kisha akashika kipaza sauti.

"Nimeambiwa niwaimbie kwamba wenzangu walivuna walichopanda. Sasa nitawatajia wenzangu. Safari wa Bukavu alipuliza tarumbeta, akamsomesha mdogo wake. Melchior alikimbia kuuawa kwao akaja kufia kwenu, na hakuna aliyempelekea maji. Magesa wa Bumbire mnamjua. Datius alikuwa mume wangu. Hao waliugua, kama wanavyougua mapadri wenu na wakulima wenu ambao hawakucheza hata siku moja. Nyinyi mlicheza. Nawaona hapa. Mlicheza, mkatuita wahuni, mkachoma kinanda changu, na bado mnakufa. Kinanda kiliwaponya?"

Yule afisa akampungia mkono mtu wa jenereta.

"Sasa Bashiri," Petronila alisema. "Bashiri wa Masaka hakuugua. Bashiri alichukuliwa Izimbya mwaka wa vita, asubuhi, na watu waliokula naye..."

Jenereta ikazimwa. Yeye akaendelea. Alikuwa mwalimu wa darasa la watoto themanini. Sauti yake haikuhitaji umeme. "Miaka kumi na mitatu nauliza yuko wapi! Mnamjua aliyeleta ugonjwa, mnajua hadi shati alilovaa. Kwa nini hamjui mlipomweka mtu mmoja?"

Walimshusha. Hakuna aliyepiga makofi.

Baada ya siku mbili mtu mmoja alifika shuleni, Msukuma wa makamo, mchuuzi wa chumvi katika soko la Muleba. Alivua kofia, akakataa kiti.

"Mwalimu, mimi naitwa Mayenga. Mwaka wa vita nilikuwa kibarua wa Rugambwa. Ulisema hujui alipo yule kijana."

"Sijui."

"Mimi ndiye niliyechimba."

Petronila akaweka kalamu chini. Mayenga akaeleza yote akiangalia sakafu. Hawakufika hata barabarani. Walimpiga kwa mipini ya majembe ndani ya kahawa, mmoja akaogopa, wengine wakazidisha. Rugambwa akaamuru shimo lichimbwe hapohapo, na hapohapo palikuwa ndani ya mpaka wa kibanja cha Datius, sehemu ya chini yenye mibuni ya zamani.

"Mume wangu alijua?"

Mayenga aliikunjakunja kofia yake.

"Alikuja jioni akakuta udongo mbichi. Akauliza, akaambiwa. Alikaa pale akalia. Kisha akaniambia nisikwambie wewe, maana utaondoka."

Sasa Petronila alielewa kwa nini Datius hakumruhusu kibarua yeyote kupalilia kule chini, akapalilia mwenyewe kila msimu. Alielewa pia kwa nini Rugambwa alimpa siku tatu tu za kuondoka kwenye kibanja kile. Alimshukuru Mayenga, akaingia darasani kufundisha hesabu. Mimi nilikuwa darasa la jirani. Nilisikia chaki ikivunjika ubaoni kila dakika. Kengele ilipolia alitoka, akaniambia, "Angalau Rugambwa alinichukia waziwazi. Yule alinipenda na huku amenikalisha juu ya kaburi."

Aliandika barua Masaka. Dada yake Bashiri akafika baada ya wiki tatu, mwanamke mkimya aliyesafiri kwa basi kupitia Mutukula akiwa na sanda mpya ndani ya mfuko. Petronila akamleta shehe kutoka Bukoba. Mayenga alikuja. Mimi nikaomba kwenda, na Petronila akaniangalia kidogo, akasema, "Beba jembe."

Rugambwa alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingia kibanjani, fimbo mkononi, nywele zimeshakuwa nyeupe.

"Hapa ni kwangu. Hamuingii."

"Nimekuja kumchukua mpiga dramu wangu," Petronila alisema. "Kibanja kaa nacho."

"Kulikuwa na vita."

"Vita ilikuwa mto Kagera. Hapa mlikuwa nyinyi."

Watu walikuwa wameshakusanyika, wengine na vikapu vya kahawa mgongoni. Rugambwa aliwageukia, akasema waondoeni hawa. Hakuna aliyesogea. Akaita majina ya wale mgambo wake wa zamani waje kumsaidia. Wawili walikuwa wamekufa, wa tatu alikuwepo, mzee anayekohoa. Mzee yule akapita mbele ya Rugambwa bila kumtazama, akachukua jembe mkononi mwangu, akashuka kule chini kwenye mibuni. Hakuhitaji kuonyeshwa.

Walichimba saa nzima. Tulivyovikuta kwanza ni viatu, soli nene ya raizoni, haijaoza. Dada yake akaigusa kwa kidole, akasema kwa Kiganda kitu ambacho hatukutafsiriwa. Petronila alipiga magoti pembeni ya shimo akatoa udongo kwa mikono, taratibu, mpaka shehe alipomwambia inatosha, mama.

Bashiri alizikwa Bukoba kwenye makaburi ya Waislamu, na jina lake likaandikwa. Polisi waliandika maelezo kurasa mbili, na hakuna aliyeitwa. Kibanja hakikurudishwa. Petronila aliendelea kufundisha, na jioni aliwafundisha wasichana kinanda cha parokia, bila rula.

Mwaka tisini na nne Rugambwa akafa kwa uzee. Watu wa ukoo walikuja shuleni kumwarifu Petronila, kwa heshima kabisa. Walitaka aonekane msibani, jambo lifungwe.

"Kwetu maiti haisusiwi, mwalimu," alisema mkubwa wao.

"Bashiri mlimsusa miaka kumi na mitatu," Petronila akajibu. Akachukua daftari lake la mahudhurio, akasema ana kipindi, akaingia darasa la sita.